Kwa Nini Malkia Esta Anazimia: Jibu Kuhusu Picha Ndogo ya Sebastiano Ricci

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, amepata nakala ya picha ya Esta mbele ya mfalme Ahasuero, kazi ya mchoraji wa Venice aitwaye Sebastiano Ricci, ambayo inahifadhiwa National Gallery mjini London. Angependa kuitumia kufundishia, lakini amekwama. Katika picha Esta anazimia, ilhali Biblia yake haina hata neno moja la kuzimia. Mzee wa kanisa aliyeonyeshwa nakala hiyo amesema si picha ya dini bali ni mchezo wa jukwaani wa mabibi wa Ulaya. Tena mwalimu amesoma kwamba picha yenyewe ina sentimita 47 kwa 33 tu, akajiuliza kama ni kazi kamili au ni rasimu ya kazi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Mwalimu, umeona sawasawa, na swali lako la kwanza ndilo linalofungua mengine. Katika Biblia unayoitumia, ambayo nadhani ni ile ya Union Version ya mwaka 1952, sura ya 5 ya Kitabu cha Esta inasema tu kwamba siku ya tatu malkia alivaa mavazi yake ya kifalme, akasimama katika ua wa ndani, mfalme akamwona, naye akapata kibali machoni pake. Akanyoshewa fimbo ya dhahabu, akaigusa ncha yake. Mambo yamekwisha kwa aya mbili. Hakuna anayeanguka, hakuna anayeruka kutoka kitini, na, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona, Mungu hatajwi kwa jina, si hapo wala mahali pengine popote katika kitabu hicho kwa Kiebrania.

Anayezimia ni Esta wa Kigiriki. Kitabu hiki kilipotiwa katika Kigiriki, kabla ya kuzaliwa Kristo, kilipata vipande sita ambavyo havimo katika Kiebrania: ndoto ya Mordekai na maana yake, maandishi ya amri mbili za mfalme, sala za Mordekai na za Esta, na kisa kirefu cha malkia kuingia kwa mfalme bila kuitwa. Katika kisa hicho Esta anavua nguo za maombolezo, anajipamba, anaondoka na wajakazi wawili, mmoja wa kumwegemea na mwingine wa kumshikia pindo la vazi linaloburura nyuma yake. Anapita mlango baada ya mlango mpaka anasimama mbele ya mfalme, ambaye ameketi juu ya kiti chake cha enzi akimetameta kwa dhahabu na vito, wa kutisha kumtazama. Mfalme anainua uso na macho yake yanawaka hasira. Malkia anapauka, nguvu zinamwishia, kichwa kinamwangukia begani mwa mjakazi. Hapo hapo maandiko yanasema kwamba Mungu aliigeuza roho ya mfalme ikawa ya upole. Mfalme anaruka kutoka kitini kwa hofu, anampokea mikononi mwake hadi anapopata fahamu, anamwambia kwamba yeye ni ndugu yake, kwamba hatakufa, kwa kuwa sheria ya kumwua aingiaye bila kuitwa haikuwekwa kwa ajili yake bali kwa ajili ya wengine wote. Malkia anapoendelea kunyamaza, mfalme anaichukua fimbo ya dhahabu na kuiweka juu ya shingo yake.

Hicho ndicho alichokichora Ricci: malkia amelegea mikononi mwa wanawake wake na mfalme ameinuka kutoka kitini kwa kushtuka.

Jinsi maandiko haya yalivyomfikia Ricci yasikufikie wewe ni habari ya karne nyingi, nami nitaifupisha. Mtakatifu Yeronimo, alipokuwa akitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, hakuvipata vipande hivi katika Kiebrania, kwa hiyo aliviondoa mahali pake akavipanga mwishoni mwa kitabu. Ndiyo maana katika Vulgata, yaani Biblia hiyo ya Kilatini, kisa cha kuzimia kimo sura ya 15 ilhali hadithi yenyewe imekwisha sura ya 10. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulivithibitisha mwaka 1546 kuwa sehemu ya Maandiko Matakatifu kwa Wakatoliki. Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alikuwa amekwisha kuvitenga pamoja na Apokrifa, yaani maandiko yasiyohesabiwa na Waprotestanti kuwa Biblia, katika Biblia yake ya mwaka 1534, na katika miaka ya 1820 chama cha Biblia cha Uingereza, ambacho kilisambaza Maandiko katika lugha nyingi za dunia, kiliacha kabisa kuigharimia Apokrifa. Biblia yako imetoka katika ukoo huo. Mwalimu mwenzako wa parokia ya Kikatoliki akifungua toleo lake la Kiswahili atakikuta kisa hiki, na huenda atashangaa kusikia kwamba wewe hunacho.

Kutokana na hayo unaweza kupata njia rahisi ya kutambua picha yoyote ya Esta utakayokutana nayo. Akiwa amesimama au amepiga magoti, na mkono wake unaielekea ncha ya fimbo, mchoraji ameshika masimulizi ya Kiebrania. Akiwa anaanguka, au fimbo iko juu ya shingo yake, mchoraji ameshika yale ya Kigiriki. Wachoraji wa Italia na Ufaransa wa karne ya 17 na ya 18 walishika zaidi yale ya Kigiriki, na sababu si ngumu kuiona: mtu anayegusa fimbo hampi mchoraji kazi kubwa, lakini mwili unaoporomoka, mikono inayoudaka na mfalme anayesahau ukuu wake kwa nukta moja ni karamu kwa mwenye brashi.

Hata hivyo sababu ya uchoraji peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na mzee wa kanisa lako, kwa heshima zote. Katika masimulizi ya Kiebrania, kinachomwokoa Esta kwa jinsi tunavyoona ni ujasiri wake na upendeleo alioupata machoni pa mfalme, yeye mwenyewe alikwisha kusema, "nikiangamia na niangamie." Katika masimulizi ya Kigiriki ujasiri huo unafika mwisho wake. Anaingia, anaiona hasira, na mwili unamshinda. Wokovu unakuja akiwa hana tena la kufanya, wala la kusema, wala hata miguu ya kusimamia. Kuzimia kwake si udhaifu wa kike ulioongezwa kwa ajili ya kuwafurahisha watazamaji; ni nafasi ambayo mwandishi wa Kigiriki ameiacha wazi makusudi ili Mungu, asiyetajwa katika Kiebrania, aingie na kutenda. Mchoraji hawezi kumchora Mungu akigeuza roho ya mtu. Anachoweza kuchora ni kiti cha enzi ambacho mwenyewe amekiacha.

Kwa Wakatoliki wa wakati wa Ricci kulikuwa na safu nyingine ya maana. Esta, malkia anayewaombea watu wake mbele ya mfalme, alisomwa tangu Enzi za Kati kuwa ni kielelezo cha Bikira Maria, mwombezi mbele ya Mungu. Yale maneno ya mfalme, kwamba sheria imewekwa kwa ajili ya wengine wote lakini si kwa ajili yake, yalitumiwa na wahubiri kueleza fundisho la Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili: sheria ya dhambi inawashika wanadamu wote, yeye akaondolewa. Sikukuu ya fundisho hilo iliamriwa kwa Kanisa zima na Papa Klementi XI mwaka 1708, Ricci akiwa mtu mzima mwenye jina. Huhitaji kukubaliana na fundisho lenyewe, Mwalimu, ili kuona kwamba mtazamaji wa Venice aliposimama mbele ya Esta anayezimia alikuwa na mengi ya kutafakari kuliko mzee wako alivyodhani.

Lakini mzee hakukosea yote. Picha inafanana na jukwaa, kwa kuwa watu waliochora namna hii waliishi karibu na jukwaa. Venice ilikuwa na majumba ya opera yaliyofunguliwa kwa umma tangu mwaka 1637, na Marco Ricci, mpwa wa Sebastiano na mshirika wake wa miaka mingi, alikwenda London mwaka 1708 na kufanya kazi ya kuchora mandhari za opera. Ngazi, mapazia, mikono iliyotandazwa, hariri inayoshika mwanga: hiyo ilikuwa lugha ya kuona ambayo mji mzima uliielewa. Mtindo tunaouita Rokoko uliipenda lugha hiyo, ukaipunguzia uzito na giza la Baroko iliyotangulia, ukaweka rangi nyepesi, brashi ya haraka na miili inayopinda kama utepe. Jina lenyewe la Rokoko, linalotokana na neno la Kifaransa la mapambo ya kombe na changarawe, lilikuja baadaye na lilikuja kwa dhihaka. Ricci alikufa mwaka 1734 bila kulisikia. Wataalamu wengine humhesabu bado kuwa mtu wa mwisho wa Baroko. Mimi naona kwamba katika picha ndogo za miaka yake ya mwisho, kama hii ambayo huwekwa kati ya mwaka 1730 na 1734, amekwisha kuvuka.

Tena Ricci hakuibuni namna hii ya kuchora peke yake. Alizaliwa Belluno, kaskazini ya Venice, mwaka 1659, na maisha yake yote aliishi akizitazama kazi za Paolo Veronese, mchoraji mkuu wa Venice aliyekufa mwaka 1588. Veronese alikuwa amechora habari za Esta kwenye dari ya kanisa la San Sebastiano mjini Venice kati ya mwaka 1555 na 1556, na mchoraji yeyote wa mji huo aliyetaka kujua namna ya kumvisha malkia na kumpandisha mfalme juu ya ngazi alikwenda pale kuinua shingo. Ricci alimwiga Veronese kwa ustadi uliowatia watu mashaka. Husimuliwa kwamba alipata kumuuzia mchoraji wa Kifaransa Charles de La Fosse kazi yake mwenyewe kama ya Veronese, na kwamba La Fosse, alipojua, alimshauri asichore tena akina Ricci, achore akina Veronese tu.

Linganisha na Esta wa Artemisia Gentileschi, mwanamke mchoraji wa Italia; Esta huyo alichorwa yapata mwaka 1630 na sasa yuko Metropolitan Museum mjini New York. Picha hiyo ina zaidi ya mita mbili kwa urefu wa kwenda juu na karibu mita mbili na robo tatu kwa upana. Imelala. Esta anaanguka upande mmoja, mfalme yuko upande wa pili akianza kuinuka, na katikati yao kuna sakafu tupu ambayo macho yanapaswa kuivuka. Utupu huo ndio hatari yenyewe: sheria inayosema kwamba yeyote aingiaye bila kuitwa atauawa inakaa pale katikati kama maji yasiyo na daraja. Turubai la Ricci limesimama wima na ni dogo, kwa hiyo hana sakafu ya kupoteza. Umbali kwake unakwenda juu na chini badala ya kwenda kando, na kwa sababu nafasi ni finyu, umbali huo unafupika mbele ya macho yetu. Artemisia alichora hofu kabla ya rehema. Ricci amechora rehema ikiwa tayari imeanza kushuka ngazi. Nikilazimishwa kuchagua moja iniumize moyo ningechagua ya Artemisia, lakini kwa kisa hiki hasa, kinachotaka hasira igeuke upole kwa kufumba na kufumbua, naona Ricci ameyashika maandiko kwa karibu zaidi.

Niruhusu kando kidogo, kwa sababu mchoraji huyu alikuwa na habari zake mwenyewe za kuponea chupuchupu. Akiwa bado kijana alifungwa Venice, akishtakiwa na mwanamke aliyempa mimba kwamba alijaribu kumpa sumu ili asimwoe; aliachiliwa kwa msaada wa mtu wa ukoo bora. Mwaka 1688 alitoroka Bologna kwenda Turin pamoja na binti wa mchoraji Giovanni Peruzzini, akakamatwa, na nusura auawe. Aliokolewa kwa kuombewa na mtawala wa Parma. Sisemi kwamba alimchora Esta kwa kuikumbuka gereza ya Turin. Wachoraji wa siku hizo walichora walichoagizwa au kilichouzika, na Esta aliuzika. Ila nikiona mtu aliyewahi kusimama chini ya hukumu, akanusurika kwa neno la mwenye cheo, anachora uso wa mtawala anayebadilika, siwezi kuisahau habari hiyo kabisa.

Sasa kuhusu udogo. Sentimita 47 kwa 33 ni zaidi kidogo ya karatasi ya A3. Kipimo hicho kwa kawaida kingeweza kuwa cha mambo mawili: rasimu ya rangi, ambayo Waitaliano huiita bozzetto, ya kumwonyesha mwenye kuagiza kazi jinsi picha kubwa itakavyokuwa, au picha ya chumbani, iliyokusudiwa tangu mwanzo kuangaliwa kwa karibu na mtu mmoja au wawili nyumbani kwake. Mpaka kati ya vitu hivyo viwili ulikuwa umekwisha kufifia Venice ya miaka ya 1730. Wakusanyaji wa sanaa walikuwa wameanza kuzitaka rasimu kwa ajili yake zenyewe, kwa sababu ndani yake mkono wa mchoraji unaonekana ukifikiri, ilhali katika picha kubwa ya altare sehemu nyingi zilimalizwa na wanafunzi.

Ricci mwenyewe alilisema jambo hili kwa maneno makali. Mwaka 1731 alimwandikia kabaila Giacomo Tassis wa Bergamo kuhusu picha ya altare ya Mtakatifu Gregori akiziombea roho za toharani. Alimweleza kwamba ile ndogo aliyokuwa akimpelekea isichukuliwe kuwa rasimu tu, bali ni picha iliyokamilika, na kwamba ile ndogo ndiyo asili, nayo ya altare ndiyo nakala. Kwa mtazamo wa watu wa zamani huo ulikuwa ni upinduaji: karne nyingi thamani ilikuwa imehesabiwa kwa ukubwa, kwa mahali pa kuwekwa na kwa siku za kazi. Mchoraji wa miaka zaidi ya 70 anamwambia mteja wake kwamba wazo liko kwenye kitambaa kidogo, na kikubwa kinafuata nyuma. Picha yako imetoka katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni rasimu au ni kazi kamili, jibu langu ni kwamba mwenye kuichora angelikataa swali.

Ukamilifu wake lakini si ule wa kulainisha. Ukiikuza kwenye simu utaona kwamba vitu vingi havikumalizwa kwa maana ya kawaida. Kidole ni mpigo mmoja wa brashi, mwanga juu ya hariri ni rangi nyeupe nzito iliyoburuzwa na kuachwa, na nyuso za walio mbali ni vivuli tu. Watu wasiozoea huita hali hiyo uzembe. Hebu fikiri mchoraji angefanya nini vingine na tukio linalodumu pumzi moja. Kama kila uzi wa pazia ungehesabiwa na kila ukucha ungepigwa msasa, Esta angeganda kama sanamu na mfalme angebaki akiwa ameinuka nusu milele. Brashi inayokimbia inalifanya tukio liendelee kutokea, na wasiwasi wa rangi unakuwa wasiwasi wa chumba chenyewe cha enzi. Tiepolo, mchoraji wa Venice aliyezaliwa mwaka 1696 na aliyejifunza mengi kutokana na kazi za Ricci, aliubeba wepesi huo mpaka kwenye dari za majumba ya kifalme; lakini mbegu utaiona humu, katika kitambaa ambacho unaweza kukibeba kwapani.

Kuhusu darasa lako, ningekushauri usome kwanza sura ya 4 na ya 5 kama zilivyo katika Biblia yako, watoto waisikie sheria ya kifo na habari ya siku 30 ambazo malkia hajaitwa kwa mfalme. Kisha waonyeshe picha bila kusema kitu, na uwaache wao wenyewe wagundue kwamba anazimia. Kuna mmoja atakayeinua mkono kulalamika kwamba hayo hayakusomwa, na huyo ndiye utakayemjibu kwa habari ya Kigiriki na Kiebrania. Mzee wa kanisa naye mwalike siku hiyo. Na tafadhali usiirushe picha ukutani kwa projekta, kwa maana itakuwa kubwa kama ya Artemisia na hoja yote ya Ricci itapotea. Ichapishe kwa kipimo chake halisi, sentimita 47 kwenda juu na 33 kwenda kando, uipitishe mkono kwa mkono, kila mtoto aishike karibu na uso wake kwa muda anaoutaka.